Kusambaza siri za watu: somo la Geita na la jeshi la Uingereza

Mwishoni mwa mwaka 2017, polisi mkoani Geita walimkamata mwanamke mmoja baada ya kusambaa mitandaoni video iliyomwonesha akibusiana na mwanamke mwenzake. Yamkini wengi walioisambaza walidhani wanakataza munkari.

Hukumu ya Kiislamu juu ya kitendo chenyewe inajulikana, na makala haya hayaibadilishi. Swali letu ni jingine: je, kupekua na kusambaza kunakataza munkari kweli?

Tuangalie waliopekua kwa nguvu zote. Jeshi la Uingereza lilikuwa likimfukuza kila askari aliyegundulika kuwa na mahusiano ya jinsia moja. Jeanette Smith, muuguzi wa jeshi la anga, alichongewa na mtu asiyejitambulisha. Askari kama yeye walihojiwa hata mambo ya chumbani, kisha wakatimuliwa. Walikuwa wamekaa kimya miaka yote. Baada ya kufukuzwa wakaenda mahakamani. Tarehe 27 Septemba 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema jeshi lilivunja haki yao ya faragha. Januari 2000 marufuku ikaondolewa, na Julai 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak akaomba radhi. Upekuzi haukumrekebisha mtu, uliwafanya wanaharakati.

Hata hivyo, Muislamu haachi upekuzi kwa kuwa hauna faida tu. Anauacha kwa kuwa ameharamishiwa. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Suratun Nur, aya ya 4, inamtaka anayemtuhumu mwanamke aliyejihifadhi kwa zinaa alete mashahidi wanne, na akishindwa huadhibiwa yeye. Hapo ndipo ilipo heshima ya mja, hata mja mwenye dhambi.

Oktoba 2018 Paul Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu. Mwezi uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ikasema ule ni msimamo wake binafsi. Lakini jina likishatajwa halirudi.

Enyi wazee na walezi, vijana wetu nao huvuka bahari kwenda bara kutafuta riziki. Ukiletewa video ya mtoto wa mwenzio, ifute, usiitume. Nasaha hutolewa faraghani, na mlango wa toba hufungwa na Mola peke yake.

Wallahu a'lam.