Kufomati Si Kutengeneza

Nitasema hata kama kuna fundi anasoma hii na atanuna: kufomati kompyuta ya mtu juu faili moja imepotea ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimeharibika.

Inboksi yangu imejaa hadithi hii. Mwanafunzi anafungua programu, skrini inamwambia VCRUNTIME140.dll haipatikani. Anashtuka, anakimbia kwa fundi. Fundi hata hasomi jina la faili. "Hii ni ya kufomati, leta elfu mbili." Jioni anarudishiwa mashine safi kama sahani. Projekti ya mwaka wa nne haiko. Picha za marehemu nyanya yake haziko. Na hiyo hasara ameilipia.

Sasa skiza. DLL ni faili ya kodi ambayo programu kadhaa hutumia kwa pamoja, badala ya kila moja kubeba yake. Ikikosekana, programu inayoitegemea haifunguki. Ni hivyo tu. Projekti yako haijaguswa. Tena hiyo VCRUNTIME140.dll huja na kifurushi kinaitwa Visual C++ Redistributable, na kiko kwenye tovuti ya Microsoft, bure. Unakiweka, unazima, unawasha, maisha yanaendelea.

Na wewe wa kupakua DLL kwa tovuti usizozijua, usicheke, nakuja kwako. Hujui nani aliiweka hapo wala ameficha nini ndani. Hata ikiwa safi, toleo linaweza kuwa tofauti, na DLL ya biti 32 haiingii kwa programu ya biti 64. Ulikuwa na shida moja, sasa una mbili.

Je, kama faili iliyoharibika ni ya Windows yenyewe? Windows huweka akiba ya faili zake, na ina kifaa cha kulinganisha zilizopo na hiyo akiba. Kinaitwa System File Checker, kilikuja na Windows 98. Yaani ni kikubwa kuniliko, na bado kuna mafundi hawajawahi kukitumia!

Fungua Command Prompt kama administrator. Kwanza andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii inatengeneza akiba yenyewe. Kwa kawaida inavuta faili kutoka Windows Update, kwa hivyo kuwa na bando. Ikimaliza, andika:

sfc /scannow

Hii inarudisha faili zilizoharibika kutoka kwa akiba. Acha ifike asilimia 100, halafu uwashe upya.

Mnadhani nazungumzia shida ndogo ndogo? Tarehe 19 Julai 2024, apdeti mbovu ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows kote duniani. Microsoft ilikadiria ni milioni 8.5. Ndege zilikwama, hospitali zikakwama. Maelekezo yaliyotoka yalikuwaje? Ingia Safe Mode, futa faili moja iliyoharibika, washa tena. Faili moja! Lakini yako wewe, iliyokataa kufungua gemu, eti lazima ifutwe yote.

Najua jibu la mafundi: tunatafuta unga. Sawa, na kazi yenu naiheshimu. Tena kuna siku kufomati ndiyo dawa, kwa mfano virusi vikishatawala mashine. Lakini hata hiyo siku, faili za mteja zinatolewa kwanza. Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, unaweza kuiwasha na Linux iliyo kwa flashi na unakili kila kitu. Na kama diski ndiyo inakufa, hapo usianze kurekebisha chochote kabla ya kuokoa data. Toza hiyo elfu mbili kwa kufanya hivyo, hakuna atakayelalamika.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kompyuta ukutani. Kusoma jina la faili lililoandikwa kwa skrini hakuhitaji cheti. Kwa hivyo kabla hujamwachia mtu mashine yako, muulize maswali matatu: Ni faili gani imeharibika? Umejaribu kuirekebisha? Data yangu utaihifadhi wapi?

Akianza kukasirika, funga mashine yako na uende nayo nyumbani.