TAKA ZA MATUNDA NI MALI

Soko likivunjika jioni, iwe Katesh, Dongobesh au Haydom, hubaki nyuma ndizi zilizopondeka, maparachichi yaliyooza na maganda ya kila namna. Mfagiaji huyakusanya, huyatupa jalalani, na jasho la mkulima huishia kwa nzi. Twaona kuwa hasara hii yaweza kupunguzwa, na wa kuipunguza ni kuvu.

Wapo watakaosema kuvu ni uharibifu tu. Hao wamesahau kwamba hamira iumuayo mkate na kuchachusha pombe ya ndizi ni kuvu pia. Mwaka 1917 mtaalamu wa Marekani, James Currie, alionyesha kuwa kuvu nyeusi, ikilishwa sukari, hutoa asidi ile ile iliyomo ndani ya malimau. Baadaye viwanda vikaacha kuyategemea malimau ya Italia.

Hapa nchini, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameotesha uyoga aina ya mamama juu ya mabaki ya mkonge. Uyoga huo hukubali pia majani makavu ya migomba na magunzi ya mahindi. Mabaki hukatwakatwa, hulowekwa na kuchemshwa ili vijidudu vife. Yakiisha kupoa hutiwa mifukoni pamoja na mbegu ya uyoga, na mifuko huwekwa katika chumba chenye giza na unyevu. Baada ya wiki chache utando mweupe huenea, kisha uyoga huchipua. Ukiisha kuvunwa, masalio ni mbolea.

Watu wa Mbulu hawahitaji mgeni wa kuwafundisha kwamba taka ni mali. Wairaqw wa Mama Isara tangu kale walilaza ng'ombe ndani ya nyumba, wakabeba samadi hadi mashambani, na vilima vyao vikawalisha. Usiache mbachao kwa msala upitao: elimu hii mpya ijengwe juu ya ile ya wazee.

Lakini yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, mfugaji wa Hanang hutegemea mabua wakati wa kiangazi. Asiambiwe amnyime ng'ombe wake chakula ili uyoga ushibe. Tuanze na kile ambacho mifugo haikili. Pili, kuvu nyingine ni adui. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka iliyoota ukungu isiliwe, wala isitiwe katika mifuko ya uyoga.

Kizuizi kikubwa ni mbegu. Mbegu ya uyoga haichumwi shambani. Huoteshwa katika maabara safi, kwa mkono uliofundishwa. Mkulima mmoja hawezi gharama hiyo, ila wengi wakiungana wanaweza. Twazitaka halmashauri za Mbulu na Hanang, pamoja na vyama vya ushirika, zitenge chumba kimoja cha kuoteshea mbegu, zipeleke vijana wakajifunze, na mbegu iuzwe kwa bei ambayo mama mwenye robo eka ataimudu.

Tukingoja mfanyabiashara aje kutufanyia, atatuuzia mbegu kwa bei aipendayo na kuununua uyoga kwa bei aipendayo. Taka ni zetu. Na faida yake iwe yetu.