JERAHA LISILOTOKA DAMU NALO LILIPWE

Ndugu wafanya kazi wa Reli,

Katika kazi yetu mtu akikatwa kidole akifunga mabehewa, habari zake huandikwa siku ile ile. Ajali huingizwa kitabuni, fomu hujazwa, daktari hupima, na mwisho fidia huhesabiwa. Hapana mtu amwambiaye, "Nenda nyumbani ukasali, kidole kitaota." Lakini dereva ambaye injini yake imemponda mtu, na tangu siku hiyo hapati usingizi, mikono yamtetemeka akishika breki, moyo wampiga kama ngoma kila akikaribia kivuko, yeye huambiwa nini? Huambiwa apumzike siku mbili tatu kisha arudi kazini. Akisema hawezi, huitwa mwoga. Akisema tena, huitwa mlevi. Akishindwa kabisa huhamishiwa kazi ndogo ndogo za depo, hupoteza posho ya safari, na wakubwa husema wamemhurumia.

Mimi nasema hapo hapana huruma. Hapo pana deni, na deni hilo halijalipwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dereva wa lori akiona mtu mbele yake aweza kukata usukani. Dereva wa treni hana usukani wa kukata. Treni nzito ikiwa mbioni yataka mamia ya meta, mara nyingine kilometa nzima, ndipo isimame. Basi dereva apiga honi, avuta breki, kisha hana la kufanya tena ila kungoja na kutazama. Njia yetu Nairobi yapita katikati ya Kibera, ambako watu hutembea juu ya reli na kupanga biashara kando yake. Na treni ikiisha kusimama, ni mfanya kazi ashukaye kwenda kuona kilichotokea. Gadi aona. Fundi wa njia aitwaye kuondoa mwili aona. Je, macho hayo si ya binadamu?

Ugonjwa huu si hofu ya kawaida. Hofu ya kawaida humjia kila mtu, ikapita. Ugonjwa wa wasiwasi hukaa. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini huyu hushtuka hata mahali pasipo unyasi. Hutoka jasho kitandani, kifua chambana akadhani ni moyo, tumbo lamharibikia, na ile ajali yamrudia mbele ya macho kana kwamba yatendeka sasa hivi. Hukwepa njia fulani, huogopa saa fulani, na nyumbani huwa mkali kwa mkewe na watoto bila sababu. Hali hiyo ikiendelea kupita mwezi mzima na kumzuia mtu kazi yake, madaktari waijua, wana majina yake, na wana dawa na mashauri ya kuitibu. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Wakiachwa, wengine huharibika kabisa.

Wakubwa wengine hudai kwamba hayo ni mambo mapya yaliyoletwa na vijana wa siku hizi. Ndugu zangu, hayo ni mambo ya reli tangu zamani za reli. Tarehe 9 Juni 1865 treni ilianguka Staplehurst, Uingereza. Mafundi walikuwa wameondoa reli darajani, msimamizi wao akakosea saa za treni, na mwenye bendera akasimama karibu mno. Watu 10 walikufa. Mwandishi mashuhuri Charles Dickens alikuwamo. Hakuvunjika hata mfupa, tena alitoka akawasaidia waliojeruhiwa. Lakini tangu siku hiyo safari ya treni ilimtia hofu mpaka alipofariki mwaka 1870. Mwaka 1866 daktari John Eric Erichsen wa London alitoa kitabu kizima juu ya wagonjwa wa ajali za reli, maana wengi walikuwa wakiugua ingawa majeraha yao ya nje yalikuwa madogo.

Na hoja ya wakubwa nayo ni ya zamani. Huko Victoria, Australia, mwaka 1886, mlinzi wa kivuko alimfungulia Bibi Mary Coultas na mumewe lango, nayo treni yaja. Treni iliwakosa kidogo tu. Bibi yule alizimia, akaharibu mimba, akaugua sana. Kesi ilifika London katika Baraza la Mfalme, ambalo baadaye lilikuwa korti ya mwisho ya Kenya pia wakati wa ukoloni, na mwaka 1888 mabwana wale wakakataa fidia, maana treni haikumgusa. Haikumgusa! Hiyo ndiyo hoja tunayoambiwa hata leo.

Lakini hoja hiyo ilianguka huko huko kwao, na aliyesaidia kuiangusha alikuwa mfanya kazi kama sisi. Bwana Yates alikuwa mchimba makaa katika mgodi wa South Kirkby. Alisikia kelele, akakimbia, akamkuta mwenzake ameumia vibaya, akamsaidia kumbeba. Yeye mwenyewe hakupata hata mkwaruzo. Lakini mshtuko ule ulimwingia hata hakuweza kazi tena. Mwaka 1910 Korti ya Rufani ya Uingereza ikaamua kwamba mshtuko wa namna hiyo, ukimtoa mtu kazini, ni jeraha la ajali ya kazi, naye alipwe kama mwenye jeraha lingine lo lote. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 110. Mwaka 2010 Shirika la Kazi la Dunia, la ILO, likaandika maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko katika orodha yake ya maradhi ya kazi. Afrika Kusini nako walitoa maagizo ya kulipia ugonjwa huo mwaka 2003. Basi nani asema ni jambo jipya?

Sasa tuje kwetu Kenya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inapoeleza maana ya ulemavu, yataja mwili, yataja viungo vya hisia, tena yataja akili na nafsi. Mfanya kazi aliyeugua ana milango mitatu, na yafaa kila mwanachama aijue.

Mlango wa kwanza ni Sheria ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo twaiita WIBA. Sheria hiyo yasema mfanya kazi aliyepata ajali ikamfanya asiweze kazi ana haki ya malipo. Ni kweli kwamba jedwali lake la kwanza lahesabu viungo: mkono, mguu, jicho, kidole. Hapo ndipo makarani hukomea. Lakini sheria yaendelea. Kwa jeraha la kudumu lisilotajwa jedwalini, Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini amepewa uwezo wa kukadiria asilimia yake, na fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa msingi wa mshahara wa miezi 96.

Mlango wa pili ni NSSF, ambayo hulipa mwanachama aliyepata ulemavu wa kudumu wa mwili au wa akili hata asiweze kujipatia riziki. Mlango wa tatu ni kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa katika hospitali iliyoruhusiwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu sasa ni ile ya mwaka 2025, iliyoshika mahali pa ile ya 2003. Kadi haitaki ugonjwa uwe umeletwa na kazi. Nayo si karatasi tupu: Amri ya mwaka 2010 iliwasamehe wenye ulemavu kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi.

Angalieni sasa kwa nini wakubwa hupenda kuuita ugonjwa huu "homa ya kawaida". Ukiwa mgonjwa wa kawaida, Sheria ya Ajira ya 2007 yakupa angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Basi. Lakini ukiwa umeumia kazini, WIBA yataka ulipwe kila kipindi muda wote usioweza kazi, hata kufika miezi 12. Siku 14 na miezi 12! Neno moja alilochagua karani katika fomu ndilo liamualo kama watoto wako watakaa shuleni. Ndugu mmoja, jina lake nalihifadhi, alimaliza siku zake 14, akarudi kwenye injini huku akitetemeka, kwa kuwa kodi ya nyumba haingoji. Alibeba mamia ya abiria nyuma yake. Je, ni nani aliyepata faida? Hata abiria hawakupata.

Wakubwa huuliza, "Tukilipa hofu, si kila mtu atajifanya mgonjwa?" Swali hili lastahili jibu. Kwanza, hatusemi kila mwenye hofu alipwe. Twasema alipwe yule ambaye hofu imekuwa ugonjwa, ugonjwa umemtoa kazini, na daktari ameuthibitisha. Pili, maneno hayo hayo yalisemwa juu ya maumivu ya mgongo, nayo hayaonekani kwa macho. Je, fidia ya mgongo ilifutwa? Mgonjwa hupimwa, mwongo hugunduliwa, na mkweli hulipwa. Tatu, nani atakubali kuitwa mwenda wazimu na majirani wote wa landi ili apate pesa ambazo kwanza atazisumbukia mwaka mzima?

Kisha nina neno kwa sisi wenyewe, wala sitalificha. Wanaomcheka mgonjwa si wakubwa peke yao. Ni sisi, katika chumba cha kupumzikia, tusemao "huyo amerogwa" au "huyo si mwanamume". Hata dada zetu waendeshao treni huambiwa kwamba machozi ni ya kike, basi nao hunyamaza ili wasiaibishwe. Mficha uchi hazai. Ajali ikifichwa mwaka mzima haki yake yakufa, maana sheria yatoa miezi 12 tu ya kuomba fidia. Kucheka kwetu kwamsaidia tajiri kuliko wakili wake.

Kwa hiyo yatupasa kufanya hivi:

1. Kila ajali ya mtu kugongwa iandikwe kitabuni pamoja na majina ya wafanya kazi wote walioiona, hata kama hapana aliyechubuka. Mwajiri apaswa kumwarifu Mkurugenzi kwa muda wa siku 7 tangu kupewa habari. Mwakilishi wa chama adai nakala.

2. Aliyeona ajali aende hospitali upesi, aseme wazi kwamba jambo limetokea kazini, na aweke kila karatasi. Daktari aandike jina la ugonjwa, umeanza lini, na kazi gani mgonjwa hawezi kuifanya. "Apumzike" peke yake ni neno lisilolipwa.

3. Mkurugenzi akikataa, tusilie nyumbani. Sheria yatoa siku 60 za kupinga uamuzi wake, na baada ya hapo iko korti ya kazi. Chama kiwe na mtu wa kushika mafaili hayo.

4. Mtu yeyote asikubali kufukuzwa kwa sababu ya ugonjwa bila kusikilizwa akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Hiyo nayo ni sheria.

5. Katika mapatano yajayo na mwajiri, chama kidai kwamba atakayeondolewa kwenye injini kwa mshtuko asipoteze posho zake wakati wa matibabu, na kwamba kurudi kwake kuamuliwe na daktari, wala si na mwandika zamu.

Naomba jambo la tano lijadiliwe katika kila tawi kabla viongozi hawajaketi na mwajiri. Wakienda bila maagizo yetu watarudi na nyongeza ya sabuni na buti, na yule ndugu anayetetemeka atapangiwa treni ya saa kumi na moja alfajiri kama kawaida.

Ni mimi mfanya kazi mwenzenu,
Gadi, Tawi la Nairobi