Acheni kupiga Windows kabla hamjasoma!

Kuna tabia moja imeota mizizi katika ofisi zetu hapa mjini, na leo nataka niiseme bila kumung'unya maneno. Kompyuta ikivamiwa, anaitwa kijana wa IT. Kijana anafika, anatazama dakika mbili, anatikisa kichwa: "Bosi, hii tupige Windows tu." Bosi anakubali, diski inafutwa, kesho kazi inaendelea. Kila mtu ameridhika... na mwizi ameridhika kuliko wote!

Jamani, mnafuta nini? Mnafuta ushahidi. Ni sawa na mtu aliyevunjiwa nyumba usiku, asubuhi akadeki sakafu, akapaka rangi ukuta, akaenda kazini bila hata kuhesabu kilichoibwa.

Ukiwauliza kwa nini hawachunguzi, wanakuambia kwamba kile kilichoingia hakisomeki, ni mauzauza matupu ya herufi na namba. Hoja hiyo ndiyo ninayoikataa.

Chukua mfano wa Emotet. Programu hii ya kihalifu ilijulikana mwaka 2014 ikiwinda wateja wa benki, baadaye ikawa dalali wa kuwaingiza wahalifu wengine katika kompyuta za watu. Kwa miaka mingi ilisambazwa kwa barua pepe zenye faili la Word lililojifanya ankara. Ukiruhusu makro, faili linaamsha PowerShell, ile lugha ya amri ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2006 na ambayo imo tayari ndani ya Windows, nayo inakwenda mtandaoni kupakua mzigo wenyewe. Mwizi hakuja hata na panga, ametumia lako. Kikulacho ki nguoni mwako! Januari 2021 polisi wa nchi kadhaa wakiratibiwa na Europol na Eurojust waliteka mitambo yake, lakini Novemba mwaka huohuo ikarudi.

Sasa zile amri za PowerShell zilifichwaje? Wengi wetu utotoni tuliongea kinyume. "Kula" inakuwa "laku", "fedha" inakuwa "dhafe", na mgeni akipita anadhani ni lugha ya mbali. Wahalifu nao hufanya hivyohivyo. Neno hukatwa vipande na kuunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Herufi huandikwa kwa namba yake, kwa mfano 73 badala ya I. Vipande hupangwa ovyo kisha hupewa utaratibu wa kuvirudisha mahali pake. Kialama kidogo ambacho mashine hukiruka hupachikwa katikati ya neno, halafu mkanda mzima hufungwa kwa base64. Lakini angalia jambo moja, msomaji: kompyuta yenyewe lazima ielewe ili itii. Na kama mashine inaweza kuelewa, basi nasi tunaweza.

Hapa ndipo zinapoingia maktaba za programu za kufumbua skripti za namna hii. Kikosi cha usalama wa kompyuta cha Airbus, haohao watengeneza ndege, kimeweka hadharani maktaba iitwayo minusone, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Kazi yake ya kwanza ni kuichanganua skripti kuwa mti, ikitumia zana iitwayo tree-sitter. Mliosoma Kiswahili sekondari mnakumbuka kuchanganua sentensi kwa matawi, kikundi nomino huku, kikundi tenzi kule. Ni kilekile! Mti ukishasimama, maktaba inapanda kutoka vijiti vya chini: tawi ambalo jibu lake linajulikana, kama 'pa' + 'kua', linaondolewa na mahali pake linawekwa 'pakua'. Inarudia hivyo mpaka amri halisi inajitokeza. Na yote hayo bila kuiendesha skripti! Mshukiwa anasomwa akiwa ndani ya pingu.

Ni kweli haifumbui kila kitu. Jibu likiwa linategemea kitu kitakachotoka mtandaoni wakati skripti inakimbia, mti pekee hautakuambia. Lakini kati ya kujua sehemu kubwa ya amri na kutojua chochote, ofisi zetu zimechagua kutojua chochote.

Wapo wanaosema kwamba kuziacha zana hizi hadharani ni kuwafundisha wezi. Nawajibu kwa historia. Mwaka 2016 Daniel Bohannon alitoa Invoke-Obfuscation, programu ya kuficha amri za PowerShell, ili walinzi wazione mbinu zote mahali pamoja. Mwaka 2017 yeye na Lee Holmes wa Microsoft wakatoa Revoke-Obfuscation, ya kuzitambua amri zilizofichwa. Wahalifu walikuwa wanazijua mbinu hizo siku nyingi, wana muda na wana fedha za kununua kila antivirusi na kujipima nayo. Siri hiyo inamnyima nani? Inamnyima kijana wa IT wa halmashauri au hospitali ambaye hana bajeti.

Na hili si suala la mafundi peke yao. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamdai anayekusanya taarifa zetu azilinde, na zikivuja aieleze Tume. Ataeleza nini mtu aliyekwishafuta diski? PowerShell tangu toleo la 5 inaweza kuandika kila kipande cha amri kwenye daftari la matukio la Windows, mtu akiiwasha huduma hiyo. Mkipiga Windows, na daftari hilo limekwenda. Mgonjwa ambaye faili lake limechukuliwa hatajua kamwe.

Kwa hiyo mabosi, kabla ya kufuta, amuruni diski inakiliwe kwanza, na nakala ichunguzwe kwenye mashine iliyotengwa. Hapo ndipo mpige Windows mkipenda. Walimu wa vyuo, acheni kuwakaririsha vijana aina za virusi, wapeni skripti iliyofichwa na mti wa kuipandia. Na sisi wa magazeti tuache kuandika "mfumo umevamiwa, wataalamu wanachunguza" halafu tukalala. Tuwaulize wataalamu hao: amri ilisemaje? Ilipakua nini, kutoka wapi, na nani wameibiwa?

Wakishindwa kujibu, hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa mbele.

Naomba kutoa hoja.