Belo Linapofunguliwa

Ukitaka kuwafahamu wakazi wa Dar es Salaam, usiwatazame harusini wala maofisini. Watazame pale Karume, Ilala, asubuhi na mapema, belo la mitumba linapofunguliwa. Mikanda ikikatwa tu, kilo 45 za nguo zilizoshindiliwa hufumuka, na watu wazima, wenye vyeo na wasio navyo, huziangukia kwa pamoja. Bibi huvuta shati kwa mkono wa kushoto, bwana kwa mkono wa kulia, na kila mmoja huapa kwamba yeye ndiye aliyeliona kwanza.

Raha hiyo siikatai. Kuipata suruali isiyo na doa kwa bei iliyo chini ya ujira wa fundi cherehani ni jambo la kumfanya mtu atembee akitabasamu peke yake hadi kituo cha basi.

Lakini yafaa kujua biashara yenyewe inavyokwenda. Muuzaji hulinunua belo likiwa limefungwa. Anajua aina ya nguo na daraja lake, basi. Yaliyomo hasa huyaona pamoja nasi. Ni kamari. Kwa hiyo nguo chache nzuri za mwanzo ndizo zinazopaswa kumrudishia mtaji, naye huzipangia bei watu wangali na pupa. Wanaozinyakua wengi ni wachuuzi, ambao watazifua, watazipiga pasi na kuzipitisha maofisini. Wewe uliyetoka Mbagala na mshahara mfukoni unashindana na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Zinazobaki hushuka bei kadiri saa zinavyosonga, hata zikamwagwa juu ya turubai na kunadiwa kwa makofi: “Chagua mama, elfu, elfu!” Hapo ndipo mzazi wa watoto wanne ana nafasi yake. Nguo ya mtoto haihitaji kuwa ya daraja la kwanza. Inahitaji kustahimili matope.

Zamani ziliitwa kafa Ulaya, kwa dhana kwamba wenyewe wamefariki, na aliyezivaa hakupenda kuulizwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikusudia kuziondoa ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vyetu vya nguo vipate kupumua. Rwanda ilipandisha ushuru; mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Nchi nyingine zikalegeza kamba. Mimi ningependa kuona vinu vyetu vikinguruma, lakini siwezi kumwambia mama huyo awaambie watoto wangoje.

Basi akienda, na aende na uzi wenye mafundo, kila fundo kipimo cha mtoto mmoja. Suruali ya mtu mzima huzungushwa kiuno chake shingoni: ncha zikikutana nyuma, itamtosha. Ainyanyue nguo juani aone matundu, apekue makwapa, kola na zipu, na fedha azifunge pindoni mwa khanga, maana wezi wa mifukoni nao huamka mapema. Nyumbani, maji ya moto, sabuni na pasi kabla ya kuvaa. Nguo za ndani za mitumba Shirika la Viwango limezipiga marufuku. Aziache pale pale, hata kijana akimwapia kwamba hazijavaliwa.