Gongo la besiboli na lango la Harvard: Ni ngazi ya nani?

WAKENYA wamezoea kuiona michezo kama ngazi ya mtoto wa maskini kuelekea vyuo vikuu vya Marekani. Imani hiyo haikuzuka bure. Henry Rono alipovunja rekodi 4 za dunia katika muda wa siku 81 mnamo 1978, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, na ni mbio zilizomfikisha huko. Wapo waliomtangulia, na wengi wakamfuata.

Ipo hata hivyo njia ya pili ya michezo, isiyozungumziwa sana huku kwetu, ambayo huishia katika vyuo vilivyo vigumu zaidi kuingia: Harvard, Yale, Princeton na vingine vya tabaka hilo. Katika njia hiyo mchezo haumlipii mtu karo. Humpatia nafasi. Na mchezo unaoianika vyema ni besiboli, yule binamu wa kriketi ambaye Wamarekani humwita mchezo wa taifa lao.

Vyuo 8 vinavyounda Ivy League viliafikiana mwaka 1954 kwamba havitatoa ufadhili kwa misingi ya michezo. Vyuo vidogo vyenye sifa sawa, mathalan Williams na Amherst, pamoja na taasisi ya teknolojia ya MIT, hushindana katika daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako ufadhili huo pia umepigwa marufuku. Mrushaji mpira hodari hupewa msaada wa karo kulingana na mapato ya wazazi wake, sawa na mwenzake asiyejua hata gongo hushikwa upande gani.

Kwa nini basi familia zijitaabishe? Kesi iliyosikizwa Boston mwaka 2018, ambapo Harvard ilishtakiwa kwa kuwabagua waombaji wenye asili ya Asia, ilitoa jibu. Wanauchumi waliochambua takwimu zilizowasilishwa mahakamani walibaini kwamba wanamichezo walioteuliwa na makocha walikubaliwa kwa kiwango cha asilimia 86. Waombaji wa kawaida, yaani wasiokuwa wanamichezo, wala wana wa waliosomea hapo, wala wa wahadhiri, wala wa watu wanaotupiwa jicho na wakuu wa chuo, hawakufikia asilimia 6.

Takwimu hizo zahitaji kusomwa kwa makini. Hazimaanishi kwamba kocha humwokota kijana yeyote uwanjani na kumketisha darasani. Zinamaanisha kwamba mchujo ulikwisha kufanywa kabla ya fomu kujazwa.

Kwa mujibu wa kanuni za sasa za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, kocha wa besiboli wa daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na kijana kuhusu kumsajili kabla ya Agosti 1, kuelekea mwaka wake wa tatu wa shule ya upili. Kijana hasubiri tarehe hiyo akiwa amekunja mikono. Majira ya joto hupita akizunguka kambi na mashindano ambako makocha huketi nyuma ya wavu, wameshika vifaa vya kupima kasi mfano wa vile vya polisi wa trafiki. Kifaa kikisoma kilomita 145 kwa saa, kalamu huanza kuandika. Kisha kocha wa chuo cha aina hii huuliza swali ambalo mwenzake wa chuo kikubwa cha michezo huenda akalisahau: alama zako darasani ni zipi?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kocha huyu hamsaki mchezaji bora kuliko wote. Humsaka aliye bora miongoni mwa wale ambao afisi ya usajili haitawakataa. Ivy League imekuwa ikitumia kielezo maalumu kinachochanganya alama za shule na za mitihani kama SAT, ili wanamichezo wasiachwe mbali mno na wanafunzi wenzao. Aghalabu katika kiangazi cha kuelekea mwaka wa mwisho, kocha hupeleka hati za kijana katika afisi hiyo ili zipitiwe mapema, naye huambiwa kimyakimya kama aendelee au aachane naye. Akiruhusiwa, humkabidhi mojawapo ya nafasi chache alizotengewa.

Nafasi ni haba, kwa hivyo ahadi nayo ina masharti. Kijana hutakiwa kutuma ombi mapema, mara nyingi kufikia Novemba 1, na katika vyuo vingi ombi hilo humfunga: akikubaliwa, hana ruhusa ya kwenda kwingine. Hadi barua ya chuo ifike, alichonacho ni neno la kocha tu. Kocha akihamia chuo kingine, au kiwiko cha mrushaji kikipata jeraha mnamo Septemba, hakuna mkataba wa kumtetea. Mzazi aliyewahi kununua shamba kwa kuaminiana ataelewa wasiwasi huo.

Wanaofaulu hupata mapato makubwa. Kyle Hendricks alisomea uchumi Dartmouth. Hakuwa mrushaji wa kasi ya kutisha, bali wa shabaha, na ndiye aliyeanzisha mechi ya saba na ya mwisho mwaka 2016, Chicago Cubs walipotwaa ubingwa baada ya kuusubiri kwa miaka 108.

Lakini ni nani anayefika mbele ya kile kifaa cha kupima kasi? Timu za kiangazi hutoza ada. Kuna nauli ya ndege kutoka jimbo hadi jimbo, hoteli, walimu wa kibinafsi na ada za kambi zenyewe. Kijana anayelazimika kufanya kibarua likizoni hayumo katika hesabu hiyo. Matunda yake yanaonekana hata juu kileleni: fainali za ligi kuu za mwaka 2022 zilichezwa bila hata mchezaji mmoja mweusi mzaliwa wa Marekani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1950, katika mchezo uliompa dunia Jackie Robinson.

Utafiti wa Raj Chetty na wenzake uliotolewa 2023 ulihusu Ivy League na vyuo vingine vinne vya hadhi hiyo. Miongoni mwa waliokubaliwa kutoka familia za asilimia 1 tajiri zaidi, mmoja kati ya 8 alikuwa mwanamichezo aliyeteuliwa. Miongoni mwa wale wa asilimia 60 ya chini, alikuwa mmoja kati ya 20. Mwaka huo huo wa 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kuzingatia rangi ya mwombaji. Karata ya kocha haikuguswa.

Si ajabu basi kwamba karata hiyo iliwahi kuuzwa. Katika kashfa iliyofichuliwa Machi 2019, wakala Rick Singer alikuwa akiwahonga makocha wawataje watoto wa matajiri kuwa wanamichezo, baadhi yao wakiwa hawajawahi kuucheza mchezo uliotajwa. Kocha wa kandanda wa wanawake wa Yale alikiri kosa, na Singer akahukumiwa kifungo cha miaka 3 na nusu mnamo Januari 2023.

Sasa shinikizo limeongezeka. Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na vyuo vilivyoyakubali vimewekewa kikomo cha wachezaji 34 wa besiboli. Ivy League ilikuwa imekwisha kutangaza mnamo Januari kwamba haitashiriki. Yamkini baadhi ya watakaokosa nafasi katika timu kubwa watabisha hodi kwa vyuo hivi, na mwenye alama nzuri lakini mkono wa wastani atasukumwa nyuma ya foleni.

Kwa Mkenya, mfano ulio karibu ni KenSAP, mradi ulioanzishwa 2004 na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners. Mradi huo ulikuwa ukiwachukua vijana wa Bonde la Ufa waliong'ara katika KCSE na kuwakimbiza mita 1,500 huko Iten, kwa matumaini kwamba muda mzuri ungemvutia kocha wa Harvard au Yale. Wengi wao hatimaye waliingia kwa nguvu za vitabu kuliko za miguu. Lakini jaribio hilo la mbio liliwezekana kwa saa ya mkononi na uwanja wa vumbi. Halikumdai mzazi nauli ya ndege wala ada ya kambi.