Panya Asife Bure

Mwenzangu msomaji, muhula uliopita chama chetu kilijadili mada hii: wanyama wasitumiwe kuchunguza maradhi ya binadamu. Mimi nilipinga. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ati panya na tumbo la mtu vina uhusiano gani?

Hebu nieleze. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza habari za panya mwenye kasoro ya kurithi iliyomfanya aote vinundu vingi matumboni. Mwaka 1991 jeni iitwayo APC ilitambuliwa kwa binadamu. Ikiharibika, vinundu huota katika utumbo mpana, na baadhi hugeuka saratani polepole, kwa miaka mingi. Kasoro ya yule panya ilikuwa katika jeni hiyo hiyo! Kwake kinundu huweza kutazamwa tangu kinapochipuka, na dawa kupimwa kabla ya kupewa mtu.

Hata hivyo, panya si mtu. Vinundu vyake huota zaidi katika utumbo mwembamba. Kwa hivyo dawa iliyomfaa panya huenda isimfae mzee wa Kajiado. Lazima watu nao wachunguzwe, kama alivyofanya Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda. Mwaka 1971 aliandika kwamba saratani hii ilikuwa adimu kwa Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Sisi wa Kitengela, wapenzi wa nyama choma, tusikie!

Wapinzani wangu walisema kweli moja: mnyama huumia. Lakini hata mchinjaji hunoa kisu kabla ya kumlaza mbuzi. Mtafiti naye apunguze maumivu, na penye njia nyingine amwache panya. Sheria yetu, Sura ya 360, humtaka awe na leseni.

Tena uko ukatili mwingine. Babu yangu kule Kajiado aliona damu chooni karibu mwaka mzima akanyamaza. Alidhani ni bawasiri, na mzee hasemi mambo kama hayo mbele ya watoto. Alipofika hospitali, maradhi yalikuwa yameenea. Tulimzika.

Basi shule zikifungwa, waulizeni babu na nyanya zenu bila haya. Anayeona damu aende hospitali mapema. Panya amekufa ili tujue. Tukijua na tukanyamaza, amekufa bure, na wazee wetu pia.